Jeshi Si Pasi

Mtu akijulikana Tukuyu, wilayani Rungwe, kwamba anafuatilia mambo ya ulinzi, hana pa kujificha. Ataulizwa stendi akisubiri Coaster ya kupanda Mbeya, ataulizwa msibani, ataulizwa na mjumbe wa bodi ya shule kabla salamu haijaisha: "Ugonile. Hivi Serikali inangoja nini kurudisha JKT ya lazima, hawa vijana wetu wakanyooke?" Muulizaji huwa amekuja na jibu lake mfukoni. Anachotafuta ni mtaalamu wa kuligongea muhuri.

Swali hilo lina makosa mawili. La kwanza halihitaji utaalamu wowote. Linahitaji tu kuwa umewahi kukaa nyumba moja na mhitimu wa kidato cha sita. JKT ya lazima imekwisha kurudi. Ilirudi Machi 2013, Rais Jakaya Kikwete alipoizindua upya kambini Ruvu, na wabunge kadhaa vijana wakavaa magwanda na kukimbia mchakamchaka pamoja na makuruta wengine. Tangu hapo, mitihani ya kidato cha sita inapokwisha, kwa kawaida Jeshi la Kujenga Taifa hutangaza majina na vikosi: huyu Itende, yule Mafinga, mwingine Bulombora kule Kigoma. Mwaka 2023 waliitwa zaidi ya 50,000. Mafunzo ni ya miezi mitatu, na maneno ya tangazo ni yaleyale ya siku zote, "kwa mujibu wa sheria", sheria yenyewe ikiwa ya mwaka 1964. Inawezekana kabisa kwamba mzazi anayepaza sauti kwenye mkutano wa kijiji ana mpwa aliyerudi kutoka Oljoro mwezi uliopita akiwa amekonda na anaamka saa kumi alfajiri bila kuitwa.

Kosa la pili limejificha katika neno moja, "wakanyooke", na hilo ndilo linalochosha.

Tuanze na mgonjwa. Wanaolalamikiwa Tukuyu, Kiwira, Katumba na Ushirika ni akina nani? Ni kijana wa bodaboda anayeshuka mteremko wa lami iliyolowa bila kofia, tena amepakia watatu. Ni yule aliyeuza mikungu ya baba yake ingali migombani. Ni wanaoshinda kijiweni wakicheza pooltable tangu asubuhi. Sasa tazama hesabu. Mwaka 2022 watahiniwa wa darasa la saba nchini walipita milioni 1.3. Wanaofika kidato cha sita kila mwaka ni takriban laki moja. JKT ya mujibu wa sheria huita kutoka kwenye hiyo laki moja. Yaani huita watoto waliovumilia darasa kwa miaka 13, waliotii kengele, sare, viranja na adhabu, wakafaulu kila mchujo uliowekwa mbele yao. Wa kijiweni hajawahi kuwamo katika orodha. Ni kama kumnywesha dawa ya malaria jirani wa mgonjwa kwa sababu jirani ndiye aliyefungua mlango.

"Basi waitwe wote," hujibu muulizaji, bila hata kupumua. Waitwe wapi? Mwaka 2023 waliopangiwa kambi walikuwa 50,000 na ushei. Rika zima la miaka 18 ni zaidi ya milioni moja kila mwaka. Mpango huu uliwahi kusimamishwa, mwaka 1994, kwa sababu kubwa ya ukata wa fedha, na wakati huo waliokuwa wakiitwa walikuwa wachache kuliko wa leo. Ulikaa kimya miaka 19. Mtu anayetaka kila kijana wa Rungwe apelekwe kambini aeleze kwanza unga, maharage, mabweni na wakufunzi watatoka wapi, kisha ndipo aendelee na hotuba.

Lakini tuseme fedha zimepatikana. Je, jeshi linanyoosha?

Swali hili limekwisha kupimwa, na limepimwa vizuri kuliko maswali mengi ya malezi, kwa sababu nchi kadhaa zilichagua askari wake kwa bahati nasibu. Argentina ilifanya hivyo kwa miongo mingi: tarakimu tatu za mwisho za kitambulisho cha kijana ziliingizwa kwenye droo, na droo ndiyo iliyoamua nani avae magwanda na nani abaki nyumbani. Kwa mchunguzi hii ni zawadi. Makundi mawili yanayofanana kwa kila kitu, maskini kwa matajiri, watulivu kwa wakorofi, yanatenganishwa na bahati tu. Kinachoonekana baadaye hakiwezi kusingiziwa malezi ya mama. Wachumi watatu, Sebastián Galiani, Martín Rossi na Ernesto Schargrodsky, walifuatilia rekodi za polisi na mahakama wakachapisha matokeo mwaka 2011. Waliopitia jeshi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata rekodi ya uhalifu ukubwani, hasa makosa ya mali. Ongezeko si la kutisha. Ila linakwenda upande ambao mzee wa msibani hakuutarajia. Maelezo waliyoyaona yanafaa ni ya kawaida kabisa: kijana alicheleweshwa kuanza kazi, na aliporudi wenzake walikuwa wamekwisha kujaza nafasi.

Mtu anaweza kusema Waajentina ni Waajentina. Haya, Uswidi. Randi Hjalmarsson na Matthew Lindquist walichapisha mwaka 2019 uchunguzi uliotumia mbinu nyingine, wakakuta kwamba huduma ya lazima iliongeza makosa ya jinai baada ya kutoka jeshini, na mzigo huo uliwaangukia zaidi vijana wa familia duni na wale waliokuwa na rekodi tangu kabla. Soma tena: waliokuwa wameanza kupotoka ndio waliozidi kupotoka. Hao ndio haswa ambao wazazi wetu wanataka wapelekwe.

Na kama Uswidi nayo ni mbali, Gilgil si mbali. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, ambalo baadhi ya wanafunzi wa Nairobi walilishangilia barabarani, Serikali ya Kenya iliamua kwamba wasomi wafundwe kwanza. Kuanzia mwaka 1984 waliochaguliwa kwenda chuo kikuu walipitishwa kambi ya Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS), Gilgil: kwata, majembe, kuamka gizani. Novemba 1987 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa sababu ya ghasia za wanafunzi. Mpango wa Gilgil uliachwa mwaka 1990. Vijana walikuwa wamejifunza kweli kutembea kwa safu. Sasa waliandamana kwa mpangilio.

Hapo ndipo hutolewa ushahidi wa mwisho, ule usio na jibu: mjomba. Kila ukoo Rungwe una mjomba aliyepita JKT miaka ya sabini. Alikuwa Mafinga, au Makutupora, au Mgambo. Alilala chini, alilima mahindi, alipigishwa kwata na afande asiyejua kucheka, na tazama alivyo leo: hanywi, amesomesha watoto saba, nyumba ya bati, shamba la chai halina hata jani moja la magugu. Mjomba huyu ni mtu wa heshima na haipendezi kumtumia kama takwimu. Lakini lazima aulizwe swali ambalo wapwa zake hawamuulizi. Mjomba, ulipotoka kambini ulikwenda wapi?

Alikwenda kazini. Msomi wa kidato cha sita au wa chuo katika miaka ile hakutembea na bahasha ya kaki. Serikali ilimpangia kituo, akapewa mshahara, mara nyingi na nyumba, na kijijini akaanza kuitwa "bwana shamba" au "mwalimu" kabla hajatimiza miaka 25. Kilichomnyoosha mjomba kinaweza kuwa kwata. Kinaweza pia kuwa bahasha ya mshahara kila mwisho wa mwezi kwa miaka 30. Mpe kijana wa Kiwira hivyo vya pili bila kwata uone kama hatanyooka.

Na tusisahau wajomba wengine, wale wasiotajwa. Kashfa ya akaunti ya EPA katika Benki Kuu, ambamo shilingi bilioni 133 zilichotwa katika mwaka wa fedha 2005/06, ilitokea wakati ofisi za nchi hii zikiwa zimejaa watu ambao, kwa umri wao, ni wa kizazi cha JKT ya lazima. Hii haithibitishi kwamba JKT hufundisha wizi. Inathibitisha kwamba mfano mmoja wa mjomba ni mfano mmoja wa mjomba.

Kuna ushahidi wa karibu zaidi kuhusu nidhamu ya kijeshi, na hauhitaji mchumi. Usiku wa kuamkia Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi. Hao hawakuwa vijana wa kijiweni. Walikuwa askari kamili, waliofundwa na Waingereza, na gwaride lao halikuwa na kasoro. Walitaka mishahara mizuri na maofisa Waafrika. Mwalimu Nyerere ilimbidi aombe msaada wa makomando wa Uingereza, waliowanyang'anya silaha Januari 25, na jeshi lote likavunjwa. JWTZ iliyozaliwa Septemba mwaka huohuo iliwachukua wengi kutoka Umoja wa Vijana wa TANU na JKT. Ruka hadi Aprili 2021. Mkuu wa Majeshi, Jenerali Venance Mabeyo, alitangaza kwamba vijana 854 wa kujitolea wameondolewa katika kambi za JKT kwa kugoma na kupanga kuandamana hadi Ikulu ya Chamwino wakidai ajira. Walikuwa wamekaa kambini muda mrefu kuliko kijana yeyote wa mujibu wa sheria. Walijenga, walilinda, walitii, mpaka walipoona kwamba ajira waliyoamini wameahidiwa haiji.

Matukio hayo mawili yametenganishwa na miaka 57 na hayana uhusiano mwingine, ila yanaonyesha kitu kimoja: utii wa kambini una mkataba ndani yake. Kijana hutii akijua kuna kitu mlangoni anapotoka.

Wanyakyusa walilijua jambo hili kabla ya Mjerumani kujenga boma lake Tukuyu. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Rungwe kati ya mwaka 1934 na 1938, walikuta utaratibu ambao wanaanthropolojia wa dunia nzima wanaufundisha hadi leo. Mvulana wa miaka kumi au kumi na moja aliacha kulala kwa wazazi wake, akaenda na marika wake kujenga vibanda pembeni mwa kijiji cha baba zao. Huko walilala pamoja, walizunguka kula kwa mama wa huyu na wa yule, waliwalimia baba zao mashamba, walifundana adabu ya kukaa na watu, ile inayoitwa ukwangala. Ikitokea vita, rika liliingia vitani pamoja. Ni kambi kabisa, na ilikuwa ya lazima kuliko JKT yoyote, maana hakukuwa na pa kutorokea.

Wanaosifu mila hiyo kwenye sherehe huishia hapo. Wanaruka ubusoka. Vijana wa rika walipofika miaka thelathini na kitu, sherehe kubwa ilifanyika, na katika sherehe hiyo wazee walikabidhi. Si cheti. Walikabidhi utawala wa nchi, na baba zao wakasogea pembeni kuwapisha kwenye ardhi. Miaka yote ya kulima shamba la baba ilikuwa na siku yake ya malipo, inayojulikana na kila mtu. Hata hivyo, wakati Wilson na mkewe wanaandika, mambo yalikuwa yameanza kulegea: vijana walikuwa wakienda machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya, kutafuta fedha za ng'ombe wa mahari ambao baba hawakuwa na haraka ya kuwatoa. Hakuna aliyesema wakati huo kwamba dawa ni kuwakimbiza mchakamchaka.

Leo baba mwenye ekari mbili za migomba na chai Mwakaleli hana cha kusogea kukipisha, na si kosa lake. Lakini asijidanganye kwamba Itende itampa mwanawe kile ambacho yeye hana.

JKT yenyewe, kwa heshima yake, haijawahi kudanganya mtu. Kila tangazo la kuwaita vijana wa kujitolea hueleza waziwazi kwamba jeshi hilo halitoi ajira, wala halihusiki kuwatafutia vijana ajira katika vyombo vya ulinzi, mashirika ya Serikali au ya watu binafsi. Sentensi hiyo ipo, imechapishwa, kila mwaka. Haisomwi.

Lazima pia iondolewe ndoto nyingine: kwamba zamani vijana waliipokea JKT ya lazima kwa shangwe. Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga mpango wa miaka miwili ambao ungewapa asilimia 40 tu ya mshahara wakati wa utumishi. Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akawafukuza chuo wanafunzi zaidi ya 300. Wengi walirudishwa baadaye. Mmoja wao, Samuel Sitta, alikuja kuwa Spika wa Bunge. Kwa hiyo mkorofi wa mwaka 1966 alinyooka vizuri tu.

Je, basi huduma ya lazima haina maana? Ina maana pale inapotumika kwa kazi yake. Idi Amin alipovamia Kagera mwishoni mwa mwaka 1978, jeshi lisilozidi sana 40,000 lilivimba hadi kupita 100,000 kwa muda mfupi, kwa sababu kulikuwa na mgambo na vijana wa JKT waliokwisha kujua bunduki inashikwa wapi. Lithuania ilirudisha huduma ya lazima mwaka 2015, Uswidi mwaka 2017 na Latvia baada yao. Wote wanaitazama Urusi, hakuna aliyetaja watoto wasiosalimia. Eritrea ni onyo la upande wa pili: sheria ya mwaka 1995 ilisema miezi 18, vita vya 1998 vikaifanya isiyo na mwisho, na vijana wakaanza kuvuka mpaka kwa maelfu. Anayetaka kujadili kama Tanzania inahitaji askari wa akiba wengi zaidi ana mada halali, na mada hiyo ina mipaka, majirani, bajeti na silaha ndani yake. Hata faida ya kuchanganya watu, mtoto wa Lwangwa kulala kitanda cha juu cha mtoto wa Newala, ni ya kweli na ina thamani. Wajadili hayo. Wamwache kijana wa bodaboda nje ya mada.

Na ile methali ya samaki, ambayo lazima itajwe kabla kikao hakijafungwa: anayeitwa JKT ana miaka 19 au 20. Kama alikuwa samaki wa kukunjwa, alikuwa mbichi wakati yuko darasa la pili na baba yake yuko kilabuni.

Sasa ya kufanya, kwa haraka, kwa kuwa ndiyo ambayo hayaulizwi. Aliyeitwa kwa mujibu wa sheria aende; ni sheria, ni miezi mitatu, na chuo kitamngoja. Mwenye ulemavu unaoonekana asome tangazo; kwa kawaida hupangiwa Ruvu. Anayetaka kujitolea kwa miaka miwili aanzie ofisi ya mkuu wa wilaya, si kwa mtu wa simu anayedai ana "nafasi" ya kuuza. Huyo ni tapeli, mpeleke polisi. Aende akijua anafuata stadi: kilimo, ufundi, ujenzi, udereva. Asiyetaka kutoka wilayani aulize mafunzo ya mgambo, yanafanyika hapahapa na hayahitaji cheti cha kidato cha sita. Wa kijiweni, ambaye ndiye aliyeanzisha kelele zote hizi, ana VETA Mbeya na vyuo vya maendeleo ya wananchi. Kuna fungu la asilimia 10 la mapato ya halmashauri, ambamo vijana wana nne zao, lakini huombwa kwa kikundi kilichosajiliwa, si kwa malalamiko. Parachichi la Hass linataka watu wanaojua kubebesha miche, na kubebesha hujifunzwa kwa siku chache kwa mwenye kitalu. Mzazi mwenye eneo amkatie mwanawe robo ekari kwa maandishi, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, mche upandwe kwa jina la kijana. Utazaa baada ya miaka mitatu hivi.

Na kwa anayeondoka Juni: bukta ya bluu iliyokolea, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu. Fulana ya kijani, raba za kijani, soksi nyeusi ndefu, shuka mbili za bluu bahari, nguo za baridi kama ni Mafinga au Itende. Nauli ni ya kwenda na ya kurudi.